Akiinua Mkono

Tulimpa stoo. Uamuzi ulikuwa wa uongozi, si wangu, lakini funguo zilikuwa mfukoni mwangu, kwa hiyo mimi ndiye niliyemfungulia mlango nikamwonyesha mahali ambapo hospitali yetu yenye ghorofa na lifti iliamua mwanasaikolojia wake wa kwanza afanyie kazi. Ndani kulikuwa na vitanda vilivyopoteza magurudumu, stendi za dripu zilizopinda shingo, na godoro ambalo nisingependa kulielezea. Dirisha lilitazama ukuta wa chumba cha kufulia. Nilitegemea binti yule alie au agombe, nijue nimeletewa mtu wa aina gani. Akaniuliza tu kama ningeweza kumpatia viti viwili vya urefu mmoja. Nikamwuliza urefu una nini. Akasema hapendi kumwangalia mgonjwa kutoka juu.

Nikasema moyoni, haya, tumeletewa mtu wa vitabu.

Mimi ni sista mkuu wa wodi ya upasuaji ya wanaume. Wauguzi wangu wananiita Mama Wodi nikiwepo. Nikigeuka wananiita Moto. Majina yote mawili nayajua, na la pili ndilo linalofanya mashuka yabadilishwe kwa wakati. Mtu akija kuniambia kuna kitu tumekikosa wodini miaka yote hii, asishangae nikimtazama kuanzia utosi hadi unyayo.

Daktari mkuu wa wodi tulimwita Bingwa, naye alilipenda jina hilo. Ni fundi kwelikweli. Nimemwona akishona mshipa mwembamba kama uzi huku akisimulia mpira wa jana yake. Lakini kwa Bingwa, kisichoonekana kwenye picha hakipo. Binti alipoomba kuhudhuria raundi ya asubuhi, Bingwa alimruhusu asimame nyuma ya wanafunzi, mahali ambapo mtu mfupi kama yeye aliona migongo tu. Na alimwita kwa mambo ya aina moja: mgonjwa analia mno, mgonjwa amekataa kutia sahihi ya upasuaji, mgonjwa anawatukana wauguzi. "Huyu mpelekeni stoo," alikuwa akisema, na wanafunzi wanacheka. Basi binti wa watu akaishia kuitwa Daktari Stoo. Alipolisikia alisema ni afadhali kuliko jina lake la kazi, maana la stoo ni fupi, wagonjwa wanaliweza.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka alipoletwa Kinyozi.

Alikuwa kinyozi kweli, mtu wa makamo, mwembamba, mwenye vidole visivyotulia. Hata akiwa amelala vilikuwa vinapunguza nywele za mtu asiyeonekana. Alikabwa na pande la nyama nyumbani kwake, familia nzima ikiwa mezani, akafikishwa kwetu midomo imeshabadilika rangi. Bingwa akaitoa nyama ile. Koo likapona. Kamera ikapitishwa, njia ikaonekana nyeupe. Ila mtu hakumeza. Ukimpa kijiko cha maji anayapokea, yanakaa mdomoni, macho yanamtoka, jasho linamchirizika, kisha anayatema. Hata mate yake mwenyewe aliyatema kwenye kopo. Tukawa tunamlisha kwa mpira uliopita puani, na mwili ukawa unapukutika tukiuangalia.

Mkewe alikuja kila siku. Alikuwa mshonaji, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya barabara, lakini kwetu alizungumza kwa kunong'ona. Toroli ya chakula ikisikika tu kwenye korido, anasimama na kuondoka, na ndugu wote wanamfuata. Walisema si uungwana kumtazama wagonjwa wenzake wanapokula na yeye hawezi, wasije wakamtia uchungu. Niliona ni busara. Kwa hiyo kila tulipomjaribisha Kinyozi kumeza, alikuwa peke yake na muuguzi mwenye haraka.

Siku moja ya Jumanne Bingwa alisimama miguuni pa kitanda chake akawaeleza wanafunzi kwamba mishipa ni mizima, misuli ni mizima, koo ni zima. "Sasa mnaona wenyewe," akasema. "Huyu anaigiza." Akatangaza kwamba Jumatatu atamtoboa tumbo, amwekee mpira wa kudumu, aende nao nyumbani. Kinyozi akauliza kwa sauti ndogo ni nani atakayempa kichwa chake akinyoe huku mpira unaning'inia tumboni. Kisha akajifunika shuka hadi usoni.

Sisi wengine tulihamia kitanda kinachofuata. Mimi, kusema kweli, nilikuwa naona Bingwa kanisemea. Daktari Stoo peke yake alibaki. Nilimsikia akivuta kiti, kisha akaliuliza shuka lile, maana uso haukuonekana: "Nani mwingine aliwahi kukwambia unaigiza?"

Shuka lilianza kutikisika.

Alikaa naye asubuhi ile, na kesho yake tena. Alhamisi akaja ofisini kwangu, akafunga mlango, akasema Kinyozi amemruhusu atueleze jambo moja, kwa sababu bila sisi hataweza kumsaidia. Nikamwambia aeleze upesi, nina wagonjwa.

Kinyozi alikuwa mcheshi wa ukoo. Hakuna shughuli aliyokaa bila kuwavunja watu mbavu. Alijua kujifanya amezimia, amepofuka, ameng'oka meno. Na mchezo wake mkubwa, ule ambao watoto walimwomba aurudie, ulikuwa kujifanya amekabwa na chakula: anashika koo, anatoa macho, anapiga meza, anaporomoka chini ya kiti. Siku ile, nyama ilipomkaba kweli, alishika koo. Akatoa macho. Akapiga meza. Na meza nzima ikacheka.

Alikuwa anakufa, na watu wake wanacheka. Watoto wakapiga makofi. Shemeji yake mmoja akamwambia leo umetia fora. Alipoporomoka wakazidi kucheka, mpaka kaka yake alipoinama kumvuta mguu akaona midomo.

Nilikaa. Nadhani sikuwa nimekaa tangu asubuhi.

"Koo linafunguka mtu akiwa salama," Daktari Stoo akasema. "Yeye hajui kama yuko salama. Anajua kwamba akikabwa, hakuna atakayemwamini. Halafu amekuja hospitali, na sisi tukamwambia anaigiza."

Wahenga walishasema mzaha mzaha hutumbuka usaha, lakini nilikuwa sijawahi kuuona ukitumbuka hivi. Nikamwuliza anataka nini. Akasema anataka wodi nzima. Kinyozi akiinua mkono, aliye karibu naye aache alichoshika, aende, amwekee mkono mgongoni, akae naye mpaka aushushe. Asimwulize kama ni kweli. Asimwulize kama anatania. Na akiondoka asigune. Sheria hiyo imhusu muuguzi, mfagiaji, mgonjwa wa jirani anayeweza kutembea, na daktari.

"Na Bingwa?" nikauliza.

"Bingwa ndiye wa kwanza."

Nikacheka, na nikicheka mimi, wodi inajua. Lakini alikwenda kweli kumwambia. Alirudi na jibu kwamba upasuaji uko palepale Jumatatu, na mpaka hapo kila mtu afanye maigizo yake. Binti akasema kwamba kwake jibu hilo ni ndiyo. Kisha akapita kitanda hadi kitanda akiwaeleza watu, akamweleza hata yule anayegawa chai.

Sasa nieleze tuliyoyapata. Mkono ule uliinuka wakati tunakabidhiana zamu. Ukainuka nikiwa na sindano mkononi. Ukainuka chai ilipomiminwa, nikaiacha, nikaenda, nikamwekea mkono mgongoni, nikamkuta hana maji mdomoni wala nini, macho makavu ananitazama. Akaushusha. Nikarudi, chai imepoa. Nikanyanyua kikombe, mkono ukainuka. Muuguzi wangu mmoja aliapa kwamba mgonjwa huyu atamtoa roho. Mzee wa kitanda cha jirani, aliyekuwa na mguu wenye vyuma, alikuwa wa kwanza kufika mara nyingi kuliko sisi wenye miguu mizima, na alianza kujisifu.

Nyongo ilinipanda. Nilimfuata Daktari Stoo hadi stoo kwake, nikamwambia mtu wake anatufanya wanasesere. Vitanda vibovu vilikuwa bado vimeegemea ukuta, lakini vile viti viwili vilikuwa katikati ya chumba, akanionyesha kimoja. Sikukaa.

"Anatujaribu," nikasema.

"Ndiyo, sista. Anatujaribu. Mmekosa kwenda hata mara moja?"

Nikasema hatujakosa, hiyo ni wodi yangu.

"Basi msikose. Ameanza kulowesha midomo."

Nilikuwa sijui. Yeye alikuwa akimfanyisha hatua ndogondogo kila baada ya saa chache: kitambaa chenye maji mdomoni, kidevu kishuke kifuani, pumzi itoke taratibu, tone moja chini ya ulimi. Hakuna aliyemwambia ameze. Nilirudi wodini nikiwa na hasira bado, ila sasa sikujua hasira hiyo niiweke wapi.

Ijumaa, katika raundi, Bingwa alikuwa kitanda cha mbele ya Kinyozi, ameinua picha ya mfupa dirishani, wanafunzi wameinua shingo. Yuko katikati ya sentensi. Mkono ukainuka. Mimi nilikuwa upande wa pili, mzee wa vyuma alikuwa amepelekwa kusafishwa kidonda, na aliye karibu kuliko wote alikuwa Bingwa. Aliuona mkono. Wote tuliona kwamba ameuona. Alimtazama Kinyozi, na Kinyozi akamtazama yeye bila kupepesa, mtu na aliyemwambia anaigiza.

Bingwa akampa mwanafunzi ile picha. Akavuka, akaweka mkono ule wa fundi kwenye mgongo uliobaki mifupa, akasimama. Kinyozi hakuushusha mkono upesi. Alimweka pale kwa muda ambao mimi nisingethubutu kumweka Bingwa mahali popote. Halafu akaushusha, akasema ahsante. Bingwa akarudi kwenye mfupa wake, lakini ile sentensi hakuimaliza, na akaanza nyingine.

Mchana ule Kinyozi akameza kijiko cha maji. Nilikuwepo, niliona kikoromeo kikipanda na kushuka. Akalia. Mzee wa vyuma akatangaza habari hiyo wodi nzima kama vile ameyameza yeye.

Maji tu, lakini. Mtu haishi kwa maji, na Bingwa alituambia hivyo waziwazi bila ubaya: uji usipopita, Jumatatu hairudi nyuma, kwa sababu mwili hauna akiba tena. Tulijaribu uji Jumamosi asubuhi. Akauweka mdomoni, akautema. Tukajaribu tena, akautema. Sisi sote tulikuwa tunakwenda mkono ukiinuka, na koo lilikuwa limefika lilipofika likagoma.

Daktari Stoo akaniuliza kama nimeona mkono ukiinuka wakati mkewe yupo. Nikafikiri. Kwa kweli, haujawahi. Anauinua mbele ya mfagiaji, mbele ya wanafunzi wasiojua kufunga bandeji, lakini mama yule akiingia, mikono yote miwili inakaa chini ya shuka.

"Sisi ametujaribu kwa sababu tukishindwa haimuumi," akasema.

Akamsubiri mama yule mlangoni mwa wodi, akaniomba na mimi niwepo. Akamwambia kwa upole kwamba leo toroli ikija asiondoke. Mama akakataa. Akasema ni adabu tu, dada, si kitu kingine. Daktari Stoo akanyamaza. Ana unyamavu mmoja yule binti ambao haukusukumi, lakini haukupi pa kupita. Mama akaanza kufinyafinya mkoba wake.

"Siwezi kumtazama akifungua mdomo," akasema mwishowe. "Nilicheka, dada. Wote walicheka, lakini mimi nilicheka mpaka nikajifuta machozi. Nilikuwa nimekaa naye bega kwa bega. Mguu wake ulikuwa unanipiga chini ya meza, na mimi nacheka."

Nikauliza kama ameshamwambia mumewe. Akanitazama kana kwamba nimemwambia avue nguo barabarani. Akasema mumewe hajui, alikuwa anapigania roho, angejuaje nani anacheka na nani hacheki. Kila mtu anasema tulicheka. Hakuna aliyesema nilicheka.

Daktari Stoo hakumwambia aseme wala asiseme. Alimwambia yaliyopo: Jumatatu kuna upasuaji, mumewe anameza maji mbele ya watu wanaomjia, lakini bado hajamwona mkewe akimjia. Alisema yeye mwenyewe anaweza kukaa nao ikiwa watapenda, bila kufungua kinywa.

Jumapili alasiri tulivuta pazia. Mimi nilishika kikombe cha uji, kwa kuwa kuna mtu lazima akishike na sikutaka kumwachia mwingine. Viti viwili vya stoo vilikuwa vimeletwa. Mama akakaa kimoja, Daktari Stoo akakaa cha pili, nyuma kidogo. Toroli ikasikika kwenye korido. Mama akashtuka, akashika kingo za kiti, hakuinuka.

Alichukua muda. Alianza kwa habari za nyumbani, za mteja aliyeleta kitambaa kifupi, za wembe aliouweka mahali salama. Halafu sauti ikakatika, akainama.

"Siku ile nilicheka, baba watoto. Mimi mwenyewe. Ulikuwa unanipiga mguu na mimi nilikuwa nacheka."

Kinyozi aliangalia dari. Vidole vyake, kwa mara ya kwanza tangu aje, vilikuwa vimetulia.

"Nilikusikia," akasema. "Wengine sikuwasikia. Nilikusikia wewe."

Sijawahi kutaka kutoka nje ya pazia kama siku ile. Mama akafunika uso. Nilimtazama Daktari Stoo nikitegemea aseme jambo, ndiyo kazi yake, kwani kaletwa kufanya nini. Akaniashiria kikombe kwa jicho.

Nikampa Kinyozi kijiko. Akashusha kidevu kifuani kama alivyofundishwa. Akafunga macho. Uji ukaingia mdomoni, ukakaa. Jasho likamtoka. Nilikuwa naomba kila ninachokijua. Kikoromeo kikapanda, kikasimama.

Mkono ukainuka.

Nilikuwa karibu naye kuliko mkewe, lakini sikupata nafasi. Kiti kilianguka chali. Mama yule alinipiga kumbo, kikombe kikaruka, uji wote ukanimwagikia kifuani hadi kwenye viatu, na kabla sijashika ukingo wa kitanda alikuwa amemkumbatia mumewe kwa mkono mmoja, kwa mkono wa pili anampiga mgongoni kwa nguvu za mtu anayezima moto. Mpira wa puani ukarushwa huku na huku. Kinyozi akaanza kukohoa, na alichokohoa kilikuwa hewa tupu.

"Nimeshameza," akasema katikati ya mapigo. "Mama, nimeshameza. Nilikuwa nimeshameza kabla sijainua."

Hakuacha. Alikuwa analia kwa ile sauti yake halisi, ya kuita mtu ng'ambo ya barabara, na wodi nzima ilimsikia.

"Sijui," akasema. "Sijui kama umemeza na sitaki kujua. Ukiinua mkono nakuja. Hata ukinichezea kila siku mpaka tuzeeke, nakuja."

Mkono ule wa Kinyozi ulikuwa bado juu. Akaushusha taratibu, akaupitisha kwenye kiuno cha mkewe kilichokuwa hakizungukiki, akaegemeza kichwa pale. Walikaa hivyo mpaka pumzi za mama zikatulia. Kisha Kinyozi akanitazama mimi, nilivyosimama nimetapakaa uji kuanzia kola hadi kiatu, na nikaona uso wake ukijaribu kukumbuka jinsi ya kucheka.

"Sista," akasema, "kuna mwingine umebaki?"

Nikaenda kuchukua kikombe kingine.